Mawe Matatu Ndani ya Ndoo

Wiki tatu nzima Sidonia Matonya aliambiwa acheke, na wiki tatu nzima hakucheka. Alinuna kanisani, akanuna kisimani, akanuna mwaloni, boti zinapofikia, mbele ya wanunuzi wa samaki. Watu walimwona mwenye roho ngumu. Walisahau kwamba mwanamke huyu, kabla ya Septemba ile, alikuwa na kicheko cha kusikika ng'ambo ya maji.

Chanzo ni ndoo. Ndoo yenyewe ilikuwa ya rangi, ya lita kumi, yenye mfuniko wa kubana, na Sidonia aliifunga kwa kamba chini ya benchi la nyuma la boti yake, karibu na mashine, mahali ambapo mkono unafika bila mtu kunyanyuka. Ndani aliweka spana ya plagi, koleo, bisibisi mbili, plagi ya akiba, msasa, waya, kamba ya kuwashia, na kikopo cha dawa chenye pini nane za shaba. Kila kifaa kilifungwa uzi wa nyavu kwenye mpini wa ndoo, kwa sababu spana yake ya kwanza ilimponyoka ikazama kwenye bwawa la Mtera, na Mtera hairudishi kitu.

Pini hizo ndizo zilizokuwa roho ya safari. Bwawa la Mtera lilipojaa miaka ile lilimeza pori zima, na pori lile halijaoza lote. Visiki bado vimesimama chini ya maji. Panga la mashine, lile linalosukuma maji, likigonga kisiki, pini ndogo ya shaba inayolishikilia inakatika na mashine inabaki kuzunguka bure. Kukatika ndiyo kazi yake. Inakatika yenyewe ili gia zipone. Ukiwa na koleo na pini nyingine, unainua mashine, unabadilisha, na dakika kumi baadaye umeshaondoka. Usipokuwa nazo, wewe ni gogo tu miongoni mwa magogo.

Sidonia alijifunza hayo kwa machungu. Fundi wa kwanza alitoka mjini na miwani ya jua, akaona pini zinakatika mara kwa mara, akachomeka msumari. "Huu haukatiki, mama, mpaka unazeeka." Kweli msumari haukukatika. Zilikatika gia. Fundi wa pili alichukua mashine wiki mbili, akairudisha ikikohoa, na skrubu tatu hazipo. Mumewe, ambaye yuko Chimwaga akiwajengea watu nyumba, alimwambia kwa simu aiuze hiyo takataka. Sidonia hakuiuza. Aliitandikia gunia uani, akaifungua kipande kimoja kimoja, akachora kila kipande kwa mkaa ukutani ili ajue kinarudi wapi. Ilimchukua siku kumi na tisa. Tangu hapo hakumpa fundi yeyote mashine yake, na mashine haikumlaza njiani hata siku moja.

Alikuwa na sharti moja. Kila asubuhi, kabla ya kusukuma boti, alifungua ndoo na kuhesabu vifaa. Wavuvi walimtania kwamba anahesabu kama kuku anayehesabu vifaranga.

Sasa aje Petro. Petro ni mtoto wa shangazi yake Sidonia, amemzidi miaka mitatu, ana duka pale mwaloni, na hakuna harusi ya upande ule inayofana bila mdomo wake. Huyu ni binamu, na binamu ni mtani. Tangu wakiwa watoto walichukuliana vitu, wakafichiana, wakatozana kuku wa kukombolea, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika, maana mtani hakasirikiwi. Petro hakuwahi kumwita Sidonia kwa jina. Alimwita "mke wangu," hata mbele ya mumewe, na mumewe alicheka. Wala tusimfanye Sidonia malaika. Mwaka juzi yeye mwenyewe aling'oa tandiko la baiskeli ya Petro, na Petro akapiga pedali wima kilomita sita hadi kwake huku wanawake wakimpigia vigelegele. Jogoo aliyelipwa kukomboa tandiko lile, Sidonia alimla kwa ugali akamsifia Petro mchuzi.

Kwa hiyo jioni ile ya Septemba, Petro alipojipenyeza kwenye boti, akafungua nyuzi, akatoa vifaa vyote, akaweka mawe matatu yaliyozungushiwa kitambaa cha kufutia grisi ili yasigongane, akabana mfuniko na kufunga kamba kama alivyoikuta, alikuwa anarudisha deni la tandiko. Hilo Sidonia alilielewa. Hata siku alipokuwa na hasira kuliko zote alilielewa.

Ila kesho yake ulikuwa mtihani wa darasa la saba.

Shule iko ng'ambo, na watahiniwa wote walikuwa wanalala shuleni tangu wiki iliyotangulia. Petro alijua hivyo. Alichokuwa hajui ni kwamba Brightness, kitinda mimba wa Sidonia, alishikwa na homa Jumapili, na Sidonia akaenda kumchukua ili amuuguze nyumbani. Jumanne usiku homa ilishuka. Alfajiri ya Jumatano mtoto alikunywa uji kikombe kizima, akavaa sare, akaweka kalamu mbili na rula kwenye mfuko wa nailoni.

Asubuhi ile Sidonia hakuhesabu. Alikuwa akimfunga mtoto kanga mabegani kwa sababu ya upepo, akimuuliza kama kichwa kinauma, akitafuta ile rula iliyodondoka. Aliishika ndoo kwa mkono mmoja, akaipima uzito, akaona nzito, akavuta kamba ya mashine. Ni hapo tu. Baadaye, katika hasira zake zote, hii ndiyo iliyomchoma ndani kabisa, na hakumwambia mtu.

Waliondoka saa kumi na mbili. Safari ni dakika arobaini na mtihani ulikuwa uanze saa mbili, muda ulikuwa wa kumwaga. Lakini maji yalikuwa yameshuka sana wiki ile, na visiki vilivyokuwa chini kabisa mwezi wa saba sasa vilikuwa karibu. Katikati ya bwawa boti ilitikisika, mashine ikapiga kelele nyepesi ya kitu kisicho na mzigo, na wakasimama.

"Pini," alisema Sidonia, hata hakushtuka. "Tulia, mama. Dakika kumi."

Akainua mashine. Akafungua ndoo.

Brightness alicheka. Mtoto ni mtoto, na mawe matatu yaliyovalishwa kitambaa kama vichanga yanachekesha. "Ni mjomba Petro!" alisema. Sidonia naye alicheka kidogo, kwa mazoea. Kisha akaangalia maji pande zote, na kicheko kikakatika.

Simu ilikuwa na mtandao. Alimpigia Petro.

"Nani mwenzangu?" Petro aliitikia, na nyuma yake zilisikika sauti za watu dukani.

"Petro, vifaa vyangu viko wapi?"

"Vimelala salama, mke wangu! Leta jogoo. Mwekundu, sitaki mweupe."

"Niko katikati ya maji. Pini imekatika. Tafuta mtu mwenye boti aniletee ndoo, sasa hivi."

"Mnasikia?" Petro aliwaambia watu wake. "Eti yuko katikati ya maji!"

"Brightness yumo humu. Ana mtihani."

"Brightness amelala shuleni na wenzake. Mtani wangu, kwa kuigiza wewe hujambo! Jogoo mwekundu!" Na akakata.

Alipiga tena. Petro hakupokea. Alipiga mara saba, na mara zote saba simu iliita mpaka ikachoka. Ni baadaye ndipo alipojua kwamba Petro aliiweka simu juu ya kaunta, watu wakawa wanaitazama inavyotetemeka, na kila ikiita wanaangua kicheko upya. Ukitaka kujua kwa nini Sidonia alifura, usiangalie mawe. Angalia simu ile juu ya kaunta.

Alijaribu kuchomoa kile kiwaya kinachoshikilia panga, akitumia pini ya nywele ya Brightness. Pini ikapinda. Akachukua jiwe mojawapo la Petro akagonga, jiwe likateleza likamchuna vidole. Akainama, akakiuma kwa meno, akavuta kwa nguvu zote za shingo yake. Kiwaya hakikutoka. Lilitoka jino, nusu yake, na akalitema majini pamoja na damu. Na hata kingetoka, angeweka nini? Pini nane zilikuwa chini ya kaunta ya duka, ndani ya kikapu.

"Mama, acha," alisema Brightness. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameukumbatia ule mfuko wa nailoni ili kalamu zisilowe.

Sidonia alishika kasia. Boti ile ni nzito, haikuundwa kwa kasia moja, na upepo wa mashariki wa mwezi wa tisa ulikuwa ukiwarudisha kila walipopata hatua. Alipiga kasia huku akitukana. Alimtukana Petro, akavitukana visiki, akalitukana bwawa, akawatukana waliolijaza. Kwenye saa mbili na nusu mvuvi mmoja, Hamza, aliyekuwa akirudi na nyavu zake, aliona kitambaa cha kichwa cha Sidonia kinapepea akaja. Hakuuliza maswali. Alirusha kamba akawavuta.

Walifika getini saa tatu na dakika tano. Brightness alikimbia mbele, miguu yake bado dhaifu kwa homa. Msimamizi alitoka, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akatazama saa, akatikisa kichwa. Muda wa kuwapokea waliochelewa ulikwisha pita. Sidonia alimweleza. Alimwonyesha vidole vilivyochunika. Alifungua mdomo akamwonyesha jino.

"Nakuelewa kabisa, mama yangu," alisema kijana. "Lakini kanuni si zangu. Karatasi ya kwanza imempita. Aje afanye zinazofuata."

"Na hiyo iliyompita?"

Kijana alimfungulia Brightness geti. Brightness alifanya zilizofuata, siku hiyo na kesho yake, na akaandika jina lake vizuri kwenye kila karatasi. Lakini kila mtu pale alijua hesabu ya mambo. Atarudi kukaa darasani na watoto wadogo kuliko yeye, mwaka mzima, kama watakubali kumrudisha.

Jioni, Hamza alipoivuta boti hadi mwaloni, Petro alikuwa anangoja. Alikuwa amejitayarisha. Alivaa kofia ya manyoya ya harusi, kikapu cha vifaa kichwani, na nyuma yake watu kama kumi na tano wakipiga makofi.

"Mke wangu karudi! Jogoo yuko wapi?"

Sidonia alishuka. Alinyoosha mikono, akachukua kikapu, akakaa chini mchangani akaanza kuhesabu. Spana. Koleo. Bisibisi. Wale watu bado walikuwa wanacheka, kwa sababu na hili pia walidhani ni mchezo. Hamza ndiye aliyewaambia, na makofi yakafa moja moja.

Petro alivua kofia. "Sikujua," alisema. "Sidonia, haki ya Mungu, sikujua. Nilidhani unaigiza."

"Nilikuambia."

"Ulisema, lakini si... sisi tunasemaga hivyo siku zote."

Na hapo, bwana, ndipo kosa lilipokuwa. Kati ya watu hawa wawili hapakuwa na sentensi hata moja ya kuomba msaada ambayo mwenzake angeiamini. Miaka arobaini walikuwa wakifurahia jambo hilo.

Kama Petro angenyamaza hapo, labda. Lakini mdomo wa Petro haujui kukaa. Aliona nyuso za watu, akaogopa ule ukimya, akajaribu kuuchekesha. "Basi jogoo nimekusamehe," alisema. Mtu mmoja akacheka, na wa pili akamfuata.

Sidonia alibeba ndoo yake akaenda nyumbani.

Ndipo zikaanza zile wiki tatu. Kila aliyepita alileta methali yake. Yaliyopita si ndwele. Hasira hasara. Damu nzito kuliko maji. Sidonia aliwauliza: hasara ya nani? Aliyekasirika au aliyecheka? Walimletea methali nyingine. Mzee mmoja wa ukoo alimwambia amtoze Petro faini ya utani, mbuzi mzima hata, wamchinje, wale, yaishe. Sidonia alimuuliza: mbuzi huyo atakaa darasani na Brightness? Kulikuwa na methali moja tu aliyoikubali, na hakuna aliyemletea: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Hiyo watu waliimeza.

Kilichomtia uchungu zaidi ni kwamba hawakumwambia amekosewa na anapaswa kusamehe. Hilo angelifikiria. Walimwambia hakukosewa. Walimwambia utani hauna kosa, kwa hiyo hasira yake haina mahali pa kukaa. Walitaka akatike yeye, kama pini, ili ukoo uendelee kuzunguka.

Brightness alimuuliza mara moja tu, wakianika dagaa. "Mama, na mimi nimkasirikie mjomba?"

"Unamkasirikia?"

"Ndiyo."

"Basi kasirika," alisema Sidonia. "Huombi ruhusa."

Jumapili ya tatu mama yake Sidonia, Bibi Evelina, aliita kikao cha ukoo uani kwake. Mama huyu ana miaka sabini na sita na hapendi ugomvi. Anaugua tumbo watu wakigombana. Wazee walikaa kwenye viti, vijana kwenye mikeka. Sidonia alikuja akakaa. Petro alikuwa bado hajafika, na Bibi Evelina akautumia mwanya huo.

"Mwanangu, akija, wewe mchekee tu. Hata cha uongo. Ukimchekea, yamekwisha. Mtani ni mtu wa kukuzika, huyu. Nani atawachekesha watu siku yako wewe, usipokuwa na Petro?"

 Sidonia alijua mama yake anasema kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Siku aliyozikwa baba yake, Petro alilala kaburini, akagoma kutoka mpaka alipwe kuku, na Sidonia, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka hadi akaomba ugali. Huwezi kununua mtu kama huyo. Anazaliwa nawe.

Petro aliingia na mbwembwe zake. Alikuwa amebeba jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye mkia wa kumeremeta. Alimwamkia Bibi Evelina, akaitikiwa. Kisha akageuka, akatanua mikono na jogoo wake, na ile sauti ya harusini ikamtoka, ingawa ilitetemeka.

"Leo jogoo naleta mimi! Mke wangu, nipokee, mumeo nimechoka kulala peke yangu!"

Uani kila mtu alikuwa tayari. Midomo ilishaanza kufunguka, wanangoja yeye tu aanze.

Sidonia alisimama. Alivua kandambili. Alitembea hadi mbele ya Petro, akapiga goti kidogo kama mwanamke anavyompigia goti mkubwa wake, mikono miwili ikiwa mbele, macho chini.

"Shikamoo, kaka Petro," alisema.

Hakuna aliyecheka. Watu wale wanajua maana yake. Mtani haamkiwi shikamoo. Mtani anatukanwa, anasukumwa, anaitwa mume na mbwa na mchawi, lakini shikamoo ni ya watu wanaoheshimiana, na wanaoheshimiana hawataniani. Ukishamwamkia mtani wako mbele ya ukoo, umempa heshima na umemnyang'anya mengine yote.

"Sidonia," alisema Bibi Evelina, "usifanye hivyo. Mwanangu, usifanye."

Sidonia hakuinuka. Alikuwa ameuma meno, na ile nusu ya jino ilimchoma ulimi. Alikuwa na hasira na alikuwa anaumia, na hakuona kwa nini moja lifute jingine.

Petro alitazama watu. Huyu ndiye aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, kwa maharusi na kwa maiti. Akiitikia, amekubali. Asipoitikia, amemdharau mwanamke aliyempigia goti hadharani. Jogoo alipiga mbawa mikononi mwake, naye akamshusha chini polepole na kumwachia. Jogoo akajitikisa, akaenda zake kudonoa karibu na jiko.

"Sidonia, nakuomba," alisema Petro kwa sauti ndogo. "Nitukane."

"Shikamoo, kaka."

 Mzee mmoja alikohoa.

"Marahaba," alisema Petro.

Sidonia aliinuka, akapangusa vumbi gotini. "Habari za nyumbani?" aliuliza, kama unavyomuuliza mtu uliyekutana naye zahanati.

Petro alifuta uso kwa kofia yake.

"Nzuri, dada," alisema.